Bando linapokuchagulia cha kufungua

Kaa kijiwe chochote cha kahawa pale Ngamiani baada ya magharibi, usikilize watu wanavyoilalamikia intaneti. Mmoja atakwambia WhatsApp yake iko vizuri, ila akibonyeza linki aliyotumiwa humo humo, ukurasa haufunguki. Wa pili atasema tangu mtandao wa X (zamani Twitter) ufungwe Mei 2025, haingii huko mpaka awashe VPN, programu inayopitishia mawasiliano yako kwenye seva nyingine. Wa tatu kilio chake ni kwamba kila ikigonga saa mbili usiku, video inazunguka tu, haichezi. Malalamiko ni matatu, lakini wote watamalizia kwa kauli moja: wanabana mtandao.

Nao huu "usawa wa mtandao", ambao husikika kila mahakama au bunge la nchi fulani linapoamua jambo kuhusu intaneti, umeangukia katikati ya mkanganyiko huo huo. Wapo wanaodhani maana yake ni intaneti ya bure. Wapo wanaodhani ni haki ya kusema utakalo mtandaoni. Wengine wanauona ni ugomvi wa Wamarekani na kampuni zao, sisi wa Tanga unatuhusu nini? Ukweli ni kwamba kati ya wale watatu wa kijiweni, tatizo la usawa wa mtandao hasa analo mmoja tu, tena ni yule anayejiona ana nafuu: wa kwanza, ambaye WhatsApp yake iko vizuri.

Kanuni yenyewe

Usawa wa mtandao ni kanuni inayomhusu anayekuuzia njia ya kuingia intaneti, iwe ni kampuni ya simu au ya faiba. Inamtaka asibague kinachopita humo. Tovuti halali asiifunge kwa kuwa inashindana na biashara yake. Huduma ya mmoja asiipunguzie kasi huku ya mwingine akiiachia. Wala asipokee fedha za kampuni tajiri ili mzigo wake upite mbele, wa wenzake usubiri. Kazi yake ni kufikisha. Kuchagua ni kwako.

Mfano ulio karibu ni LUKU. Unanunua uniti, unaingiza namba, umeme unawaka. Uniti haziulizi kama zinakwenda kwenye friji, pasi au redio, wala friji hilo limetengenezwa na nani. Ukitumia nyingi unalipa nyingi, na mwenye kiwanda ana bei yake tofauti na ya mpangaji wa chumba kimoja Makorora. Hakuna anayeliona hilo kuwa ubaguzi. Sasa chukulia siku moja menyu inakuletea "uniti za friji": bei nusu, ila ukichomeka pasi haiwaki, na friji lenyewe sharti liwe la kampuni moja iliyoelewana na shirika la umeme. Wewe utafurahia ile nusu bei. Fundi wa Chumbageni anayeunda majokofu yake mwenyewe ndiye atakayeshangaa wateja wamepotelea wapi, ilhali hakuna aliyemfungia duka.

Kwa hiyo kukutoza zaidi kwa kutumia zaidi si kuvunja usawa. Kukuuzia kasi ndogo kwa bei ndogo na kasi kubwa kwa bei kubwa, vilevile si kuvunja usawa. Tatizo linaanza pale bei au kasi inapotegemea unakokwenda.

Jina lenyewe lilianza kuvuma mwaka 2003, Tim Wu, mwalimu wa sheria wa Marekani, alipoliandikia makala ya kitaaluma. Wazo ni la zamani kuliko jina. Tangu enzi za simu za mezani, katika nchi nyingi kampuni ya simu haikuwa na ruhusa ya kuamua kwamba wewe ukimpigia fulani utasikika vizuri na ukimpigia fulani utakwaruzwa.

Na hapa tuwekane sawa na wale wa "intaneti ya bure". Usawa hausemi chochote kuhusu ughali. Tazama Uganda. Julai 2018 serikali yao ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetaka kutumia WhatsApp, Facebook, Twitter na wenzao, hujalipa, hazifunguki. Watu wakaandamana Kampala, wengine wengi wakakimbilia VPN. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Kwa mfuko wa mtu, zote mbili zinauma. Kwa kipimo cha usawa haziko kundi moja: ya kwanza ilichagua huduma fulani ikaziwekea lango, ya pili inatoza data bila kujali unafungua nini. Ni ghali, lakini haibagui. (Benin nao Septemba 2018 walijaribu kodi ya mitandao ya kijamii kwa kila MB. Kelele za wananchi ziliizima ndani ya siku chache.)

Kampuni inajuaje umefungua nini

Wengi hawaamini kwamba mtambo wa kampuni ya simu unaweza kutofautisha picha ya WhatsApp na ukurasa wa gazeti. Unaweza, tena bila kusoma ujumbe wako.

Chochote unachotuma au kupokea mtandaoni hukatwa vipande vidogo, mafundi wanaviita pakiti, na kila pakiti ina anwani ya inakotoka na ya inakokwenda. Maneno yako ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji, aliye katikati hayasomi. Anwani lakini iko juu, wazi, na mara nyingi hata jina la seva unayoiendea linaonekana. Mtambo unayo orodha: anwani hizi ni za WhatsApp, zile ni za YouTube, zile za TikTok. Pakiti inayolingana na orodha inahesabiwa kwenye bando lako la kijamii, isiyolingana inakwenda kula MB za kawaida, na kama hazipo inakula salio au inagonga mwamba.

Ukitaka kuona kwa macho, mwenye bando la WhatsApp tupu awashe VPN kisha atume ujumbe. Hautoki, au salio linaanza kuyeyuka. WhatsApp ni ile ile na bando ni lile lile, ila pakiti zote sasa zimeandikwa anwani moja tu, ya seva ya VPN, na hiyo haimo kwenye orodha. (Kwetu VPN ina utaratibu wake: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaoitumia wajisajili. Soma tangazo kabla ya kujaribu.)

Nimeeleza haya kwa sababu mtambo unaohesabu ndio huo huo unaoweza kupunguza kasi, na ndio huo huo unaoweza kufunga kabisa. Kampuni inayokuuzia bando la programu moja imeshanunua uwezo wa kubagua. Kinachobaki ni sera yake, na sheria ya nchi.

Wawili wasiohusika sana

Yule wa video ya saa mbili usiku ana haki ya kulalamika, ila si kwa jina hili. Mnara wa simu una uwezo wenye kikomo, na wote waliounganishwa nao wanaugawana. Saa hizo watu wamerudi nyumbani, watoto wamemaliza kula, kila mtu yuko kwenye simu. Msongamano unaompata kila mtu kwa kiasi sawa unaitwa huduma duni, na dawa yake ni minara zaidi au masafa zaidi. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, nchi nzima ilisota pamoja na majirani. Kijiweni ilisemekana ni mkono wa mtu. Ulikuwa waya uliokatika chini ya bahari.

Kuna na hili la YouTube kufunguka upesi huku tovuti ya shule yako ikichechemea. Mara nyingi kampuni kubwa huwa zimeweka seva zenye nakala za video zao karibu na watumiaji, wakati tovuti ya shule imehifadhiwa Ulaya. Wenye fedha wamejisogeza karibu. Haki yake inajadilika, lakini si kwamba aliyekuuzia intaneti ameibana shule.

Yule wa X suala lake ni zito zaidi. Huduma ikifungwa kwa amri ya dola, au intaneti ikizimwa kama ilivyokuwa kwa mitandao kadhaa ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na kwa nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, hapo tunazungumzia uhuru wa kupata habari na mipaka ya mamlaka. Wanaopigania hilo duniani wana kampeni yao, #KeepItOn, iliyoanza mwaka 2016. Ni ndugu wa usawa wa mtandao, maana mtambo ni ule ule. Lakini mlango wa kugonga ni mwingine na hoja ni nyingine, na anayezichanganya hugonga mlango ambao mwenyewe wa shauri lake hayupo.

Tumrudie wa kwanza

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Kwenye grupu la familia, shangazi aliyeko Korogwe ametuma linki ya NECTA. Binti aliyefanya mtihani yuko Pongwe, ana bando la WhatsApp alilonunuliwa asubuhi. Anabonyeza. Ukurasa mweupe.

"Mjomba, mbona haifunguki?"

"Una bando gani?"

"La WhatsApp."

"Basi subiri mtu apige skrini."

Na kweli anasubiri mpaka mwenye MB za kawaida afungue, apige picha ya skrini, aitume grupuni. Mambo yameisha vizuri, amepata daraja la pili, watu wanapongezana. Ila angalia kilichotokea hapo. Tovuti ya umma, iliyowekwa kwa kodi zetu, yenye habari inayomhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote duniani, kwake haikuwepo. Alichopata ni picha ya kitu, iliyochaguliwa na kukatwa na mwingine.

Matokeo ya mtihani ni jambo jepesi, namba haibishaniwi. Chukua sasa taarifa ya ugonjwa, ya bei ya mbolea, ya kauli aliyoitoa waziri. Mwenye bando la kijamii anaona kichwa cha habari kwenye picha, anasoma maoni 200 chini yake, lakini kuifungua habari yenyewe akaone imesema nini hawezi. Tunawalaumu watu kwamba wanasambaza uzushi bila kuhakiki. Baadhi yao hata wangetaka kuhakiki, bando lao haliendi huko. Sijui kama waandaaji wa semina za "habari potofu" wameshawahi kuwauliza washiriki wana bando gani.

Upande wa biashara ni hivyo hivyo. Anayepeleka wageni kisiwa cha Maziwe kwa boti kutoka Pangani anaweza kutengenezewa tovuti yake, yenye bei, ratiba ya maji kupwa na kujaa, na picha za kasa. Mteja wa Muheza mwenye bando la mitandao ya kijamii haifungui. Basi mwenye boti anaachana nayo, anahamishia kila kitu Instagram. Anafanikiwa, mpaka siku akaunti inadukuliwa au inafungwa bila maelezo, na orodha yake yote ya wateja imekwenda nayo. Hakuna aliyemlazimisha. Bei ya bando ndiyo iliyomsukuma yeye na wateja wake kwenye duka la mtu.

Hii si hadithi mpya hapa nchini. Oktoba 2014 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo za Afrika kupokea Internet.org ya Facebook, baada ya Zambia kutangulia Julai mwaka huo. Kwetu ilikuja kupitia Tigo, ambayo leo ni Yas. Mteja aliweza kufungua Facebook na tovuti chache zilizokubaliwa bila kukatwa MB. Wenyewe walisema ni ngazi ya kumpandisha mtu kwenye intaneti nzima. Wapinzani wakasema ni uzio wenye bustani nzuri ndani.

Hoja ya upande wa pili ni ya haki, na wanaharakati wa mijini huipita haraka mno. Mama anayeuza samaki Deep Sea, hapa Tanga, hupokea oda kwa WhatsApp: changu kilo mbili, kibua kilo tano, watu wa hoteli wanataka pweza. Bando la WhatsApp linamtosha kazi yake, na hana sababu ya kununua GB asizozihitaji. Kumwambia aliache kwa ajili ya kanuni ya profesa wa Marekani ni kumkosea adabu.

Ndiyo maana swali haliko kwake. Liko kwa muuzaji: kwa hela ile ile, kwa nini asiweze kununua MB chache zinazofungua kila kitu, akazitumia kwa WhatsApp mwenyewe akitaka? Kwenye mnara, MB ni MB. Picha ya pweza inayopita WhatsApp haiuchoshi mnara kidogo kuliko picha ile ile ikipita kwenye tovuti. Kama kampuni inamudu kubeba MB 300 za WhatsApp kwa bei hiyo, inamudu kubeba MB 300 za chochote. Tofauti ya bei inatokana na biashara, na biashara inaweza kuulizwa.

Nchi hazijakubaliana jibu. Chile ilikuwa ya kwanza duniani kuweka usawa wa mtandao kwenye sheria, mwaka 2010. Umoja wa Ulaya una kanuni yake tangu 2015, na Septemba 2021 mahakama yao kuu ikasema vifurushi visivyohesabu MB za programu teule havipatani nayo. Marekani imekuwa ikienda na kurudi. India ilikata shauri moja kwa moja, na yafaa tuitazame kwa karibu, maana hali yao ilifanana na yetu: watu wengi, fedha kidogo, simu kwanza.

Walioshinda walifanya nini

Kabla ya India, kuna mtu mmoja. Robb Topolski alikuwa mpimaji wa programu za kompyuta jimbo la Oregon, Marekani, mpenzi wa nyimbo za zamani za kwaya za wanaume wanne. Mwaka 2007 alijaribu kugawana nyimbo hizo na wapenzi wenzake kwa BitTorrent, njia ya watu kupeana mafaili kompyuta kwa kompyuta, hazikwenda. Badala ya kulalama kijiweni, akazikagua pakiti moja moja. Akakuta katikati ya mazungumzo ya kompyuta mbili anaingia wa tatu, anaiambia kila moja kwamba mwenzake amekata. Aliyeingia alikuwa Comcast, kampuni aliyoilipa imletee intaneti. Akaandika hadharani alichokiona. Oktoba mwaka huo shirika la habari la Associated Press likarudia jaribio kwa kutuma Biblia ya King James, ambayo hakuna anayeweza kusema ni bidhaa ya wizi, likapata matokeo yale yale.

Mwaka 2008 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani (isichanganywe na FCC yetu ya ushindani wa biashara), ikaiamuru Comcast iache. Kampuni ikaenda mahakamani, na 2010 mahakama ikasema tume haikuwa na mamlaka ya kisheria ya kutoa amri hiyo. Topolski alikuwa na ushahidi usiopingika, tume ilikuwa na nia, kilichokosekana ni kifungu cha sheria. Marekani imeendelea kukosa kifungu hicho: kanuni za 2015 zilifutwa 2017, zikarudishwa 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa tena, safari hii pia kwa hoja ya mamlaka. Majimbo kama California yamejitungia sheria yake, na inaendelea kutumika.

India walianzia kwenye bei. Desemba 2014 kampuni ya Airtel ya huko ilitangaza itatoza zaidi kwa simu zinazopigwa kwa intaneti. Watu wakachachamaa, ikarudi nyuma ndani ya siku chache. Machi 2015 mamlaka yao ya mawasiliano, TRAI, ikatoa waraka wa kuomba maoni: kurasa 118, maswali 20, lugha ya wataalamu. Waraka wa namna hiyo kwa kawaida hujibiwa na kampuni na mawakili wao, basi.

Safari hii watu wa kujitolea, wakiwemo waandishi, mawakili na vijana wa programu, waliuchukua, wakauandika upya kwa lugha nyepesi, wakaandaa majibu ya mfano kwa kila swali, wakatengeneza tovuti ambayo mtu angeweza kuyasoma, kuyabadilisha na kuyatuma kwa barua pepe. Wachekeshaji wakalitungia video. Kabla ya tarehe ya mwisho TRAI ilikuwa imepokea barua pepe zaidi ya milioni moja. Wakati huo huo, Flipkart, duka kubwa la mtandaoni, lilijitoa kwenye mpango wa Airtel ambao mwenye programu ndiye anayemlipia mteja MB, baada ya wateja kulalamika.

Mwishoni mwa 2015 ikaja raundi ya pili, juu ya bei tofauti kwa huduma tofauti. Facebook nayo ikaingia uwanjani kutetea Free Basics, jina jipya la Internet.org: matangazo magazetini, na kitufe ndani ya Facebook cha kumtumia mtu ujumbe ulioandikwa tayari kwenda TRAI. Ujumbe ulikuja kwa wingi. TRAI ikalalamika kwamba imeuliza maswali mahususi, na wengi wa watumaji hao hawakuyajibu, walisema tu wanaunga mkono. Tarehe 8 Februari 2016 ikapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kuangalia mtu anafungua nini, faini rupia 50,000 kwa siku.

Mimi hapo naona jambo ambalo waandishi wengi wa habari hii hulipita. Barua milioni moja zilisaidia, lakini wingi peke yake ungeweza kumsaidia yeyote, na Facebook walikuwa na wingi zaidi. Kilichoamua ni kwamba upande mmoja ulijibu maswali yaliyoulizwa. Marekani walijionea wingi unavyoweza kughushiwa. Mwaka 2017, ikijiandaa kuzifuta kanuni za 2015, FCC ilipokea maoni milioni 22, na uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York uliotolewa 2021 ukakuta karibu milioni 18 ni bandia. Milioni 8.5 zilitoka kwenye kampeni iliyogharamiwa na sekta ya intaneti kupinga kanuni. Milioni 7.7 za kuziunga mkono zilitumwa na mwanafunzi mmoja wa chuo, miaka 19, kwa majina ya kubuni. Pande zote mbili zilichafua maji, na tume ikaamua ilivyokusudia tangu mwanzo.

Na hapa kwetu

Watanzania kupiga kelele mtandaoni tunajua. Aprili 2021 viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika, mitandao iliwaka siku hiyo hiyo, serikali ikaagiza visitishwe, bei zikarudi za zamani. Yalikuwa mafanikio. Ila kelele ile ilikuwa ya bei na MB tu. Sikumsikia mtu akiuliza kwa nini MB nyingi kuliko zote kwenye menyu zimefungiwa kwenye programu tatu nne.

Njia ya mahakama nayo imejaribiwa kwa jambo la jirani. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja na ada za leseni kwa wenye blogu, watetezi wa haki na vyombo vya habari walikwenda Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda Mei mwaka huo. Halikudumu, kanuni zikaanza kufanya kazi.

Inayobaki ni njia isiyo na mbwembwe. TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ndiyo inayosimamia kampuni za simu chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Sheria ya 2003 ndiyo pia iliyounda baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA-CCC, ambalo kazi yake ni kusema kwa niaba ya mteja. Lalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, na asiporidhisha ndipo unakwenda kwa mamlaka. Kanuni mpya zinapoandaliwa, huitishwa maoni ya wadau kwa muda maalumu, na wewe mwenye laini ni mdau hata kama hujawahi kuitwa hivyo.

Barua ya "mnatubana" haimsaidii anayeisoma. Inayomsaidia inasema: tarehe fulani, saa fulani, nikiwa Mabawa, nilinunua kifurushi hiki kwa bei hii, menyu ilieleza hivi, nikafungua ukurasa huu wa serikali, ikatokea hivi, salio likapungua kiasi hiki, picha za skrini hizi hapa. Halafu iombe kitu kimoja kinachotekelezeka. Ningeanza na hiki: kila kampuni inayouza bando la programu teule itakiwe kuuza, kwa bei hiyo hiyo, bando la MB zinazofungua kila kitu. Mama wa Deep Sea hapotezi chochote, na binti wa Pongwe anafungua matokeo yake mwenyewe.

Kwa wanaoshuku kwamba kasi inapunguzwa kwa huduma moja tu, kuna programu ya bure iitwayo Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani. Inatuma trafiki inayofanana na ya YouTube au Netflix, kisha inatuma ile ile ikiwa imefichwa sura, inalinganisha kasi. Zikitofautiana sana mara kwa mara, una cha kuandika. Usiijaribu saa mbili usiku. Jaribu asubuhi mnara ukiwa mtupu, urudie siku nyingine, na uwe na MB za kawaida za kutosha, kwa sababu kwenye bando la kijamii hiyo nayo haifunguki.